Mama Jana na Swali Lake la Mezani

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha kazi zenu kuja kumsindikiza mama yetu, familia imemtuma kitinda mimba wake asimame hapa, mkimsikia anakimbiza maneno mvumilieni, ana mwanawe mgongoni na roho yake iko juu, tangu asubuhi amewaomba dada zake wamtafute mwingine, nao wamemjibu kwamba mama alishachagua, na kwamba akishindwa kusema mbele ya watu wanaompenda, Alhamisi ijayo atasemaje mbele ya wasiompenda.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Jana, alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe, alianza shule ya msingi Januari 1966, akamaliza sekondari ya wasichana Novemba 1976, walimu wakimsifu kwa mwandiko na kumlalamikia kwa maswali.

Februari 1978 aliajiriwa jikoni katika hospitali ya wilaya, akapanda hadi kuwa msimamizi wa jiko, na huko ndiko alikokutana na baba yetu, dereva wa gari la wagonjwa, ambaye kwa maneno yake mwenyewe alianza kufuata uji akaishia kumfuata mpishi, wakafunga ndoa tarehe 20 Desemba 1980, wakajaliwa mabinti wanne, wa mwisho akizaliwa Juni 1998, wakati mama ameshagawa nguo zote za kichanga, naye ndiye huyu anayewasomea.

Alistaafu mwaka 2013, akakaa nyumbani miezi michache tu, kwani Machi 2014 aliitwa kwenye Baraza la Chakula la mji wetu, lililowakusanya wakulima, wauza mboga, wapishi wa shule, wauguzi na maofisa wa manispaa, wapange pamoja chakula cha mji kitoke wapi na kimfikie nani, wakamchagua mwenyekiti, na kikao cha kwanza kilipojaa hotuba aliwakatiza, akasema kabla mtu hajazungumzia chakula cha wenzake aseme kwanza nyumbani kwake jana walikula nini, akaanza yeye, viazi na maharage, ofisa wa ardhi akataja nyama na kuongeza kwamba alirudia sahani, meza nzima ikacheka, hadi zamu ikamfikia mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na tai yake shingoni, akasema kwake jana walikunywa chai ya rangi wakalala, na hakuna aliyecheka tena. Tangu siku hiyo hakuna kikao kilichofunguliwa bila swali hilo, na jina la Mama Jana likamganda.

Makosa alikuwa nayo. Yeye ndiye aliyeshikilia soko la wakulima, lililoanzishwa na baraza, lifunguliwe alfajiri, kwa kuwa jikoni hospitalini alizoea kupokea mboga alfajiri, wajumbe wakakubali, wakasahau kwamba saa hizo wanunuzi wako kiwandani, mboga zikanyauka, wauzaji wakamwambia mwenyekiti njoo uzile mwenyewe, naye kweli akaja na sufuria kubwa, akazipika palepale, akala nao huku akijicheka, na kikao kilichofuata soko likahamishiwa jioni, kwenye uwanja wa mbele ya geti la kiwanda, mfanyakazi akitoka kazini anapita na fungu lake la mboga, na liko hapo mpaka leo. Baraza hilohilo liliwaombea wakulima viwanja vilivyokuwa jalala, likavuta bomba la maji hadi sokoni, likazifanya shule zetu zinunue kwa wakulima wetu badala ya kungoja lori la mbali, na watoto wanaokula shuleni leo hawajui ni nani aliyegombana kwa ajili ya sahani zao, jambo ambalo mama alisema ndivyo inavyotakiwa.

Agosti 2023 figo zilianza kumsumbua, akalazwa katika hospitali aliyoipikia, akikosoa uji wake mpaka mwisho, na hapo kitandani alimwambia huyu kitinda mimba wake kwamba kiwanda kinautaka uwanja wa soko uwe maegesho ya malori, baraza litakaa kuamua, ndicho kikao cha Alhamisi ijayo, wajumbe wameridhia binti akae kwenye kiti chake, binti akalia kwamba yeye hajui kuhutubia, mama akamjibu hakuna aliyemwomba hotuba, aseme tu jana walikula nini na kimetoka wapi. Alifariki tarehe 11 Februari 2024, saa tisa alasiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani mliolala nasi, wajumbe wa baraza, na wapishi wenzake wa zamani.

Jana, nyumbani kwa Mama Jana, tulikula wali na mboga za soko la jioni, wauzaji walizileta bila kuitwa, msiba mzima ukashiba, na huyu wa mgongoni akadai nyongeza. Alhamisi binti yake atayasema hayahaya, hata kama sauti itatetemeka kama inavyotetemeka sasa.

Lala kwa amani mama, kiti chako kina mtu.