Zacharia Kagwe, Mnusaji wa Chenga za Maziwa

Marehemu Zacharia Kagwe alizaliwa Gatongora, Ruiru, tarehe 3 Machi 1927, kifungua mimba wa mzee Ndung'u na mama Waithira. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha akaingia kibarua cha kuchuma kahawa.

Mwaka wa 1952 aliandikwa kazi Thika, kwenye kiwanda kilichogandisha maziwa yaliyotolewa siagi, kuyakausha na kuyasaga yakawa chenga za manjano. Chenga hizo zilipelekwa ng'ambo kutengenezwa plastiki ngumu ya vifungo na vipini. Kazi ya Kagwe ilikuwa kunusa. Kabla gunia halijashonwa aliteremsha kitambaa cha mdomoni cha kuzuia vumbi, akainama na kuvuta pumzi kwa nguvu. Likinuka uchachu, lilirudishwa. Msimamizi aliisifu pua hiyo kupita kiasi, na mke wa marehemu akasema hapo hapakosi jambo.

Mke huyo ni Magdalene Njambi, binti ya mzee Githinji wa Kamenu. Walifunga ndoa tarehe 11 Septemba 1954, wakati wa Hali ya Hatari, ambapo hakuna aliyemwamini jirani yake. Kagwe alipokwenda kuposa alieleza kwamba maziwa ya kiwandani kwao huishia kuwa vifungo. Mzee Githinji aliwanong'oneza wenzake kwamba kijana huyu ni mwongo au ametumwa kuwapeleleza. Kagwe akarudi na konzi ya chenga. Mzee alizitia kwenye maji moto, akakaa kutwa akingoja maziwa. Hakuyapata, lakini alikubali posa, akisema mwongo angekuja na hadithi nzuri zaidi.

Kikohozi kilianza mvua za mwaka jana. Kiwanda kilisema ni baridi ya Makongeni walikoishi, kisha kikasema ni tumbaku, na marehemu hakuvuta tumbaku maishani mwake. Kila Njambi alipouliza alipewa jibu jipya, na shaka ikamkaa rohoni. Marehemu alifariki hospitalini Thika asubuhi ya tarehe 19 Juni 1958, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Juzi kiwanda kilileta jeneza hili zuri. Karani wao aliomba, kwa upole sana, isomwe hapa kwamba marehemu alikuja kazini na kifua kibovu kutoka nyumbani kwao. Wazee walitaka kukubali, kwa sababu Gachanja, mdogo wa marehemu, bado anafanya kazi huko. Njambi hakupaza sauti.

"Daktari yao ndiye alimpima mbele ya kumwandika," alisema. "Kifua mbaya hawangechukua. Someni hivi: aliingia akiwa mzima."

Basi na isikike: Zacharia Kagwe aliingia kiwandani akiwa mzima.

Ameacha wazazi wake, mjane wake Njambi, binti yao mdogo Waithira, na nduguye Gachanja, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, na ambaye Jumatatu atakwenda kuona kama bado ana kazi.

Bwana ampumzishe, kifua kikiwa chepesi.