Chungu Alichookota Bi Chausiku

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko? Mwenye uji na anywe taratibu, redio haimkimbii mtu. Leo tunamkumbuka Bi Chausiku wa Kwedizinga, Handeni, tuliyemzika juzi. Bi Chausiku, yule mama wa kikapu. Palipo na ngoma au karamu alikwenda na kikapu kitupu, akarudi nacho kimejaa taka za watu.

Tabia hiyo alitoka nayo kwao Makuyuni, Korogwe, enzi za Mjerumani. Alikuwa msichana aliyeposwa na Sadala, kijana wa Kwedizinga. Siku ya pili ya Idi Chausiku akaja Kwedizinga na dada zake kuwasalimu wakwe. Vijana wote wakateremka mtoni. Wakaoga, wakatafuna miwa, wakapiga ngoma. Ah, raha ilikuwepo! Lakini makapi ya miwa yalizagaa kila mahali, na vipande vya chupa pia. Chausiku hakuvumilia. Akaokota, akaokota, akachimba shimo, akafukia vyote.

Wasikilizaji wapendwa, kufukia huko ndiko kulikoharibu mambo. Chini ya mkuyu, katikati ya makapi, palikuwa na chungu kidogo chenye ufa, kimefungwa kitambaa cheusi shingoni. Chausiku alidhani ni taka. Kumbe ni chungu cha tambiko! Wazee wa Kwedizinga waliombea mvua pale. Naye amekifukia.

Shangazi yake Sadala alikuja juu. "Mkwe gani huyu anayezoa mizimu yetu? Jua likizama chungu hakijarudi, posa imekwisha!"

Chausiku alilia, jamani. Alimpenda yule kijana. Akarudi shimoni, akafukua kwa mikono. Mara akaona mikono mingine inafukua kando ya yake. Ni Sadala, na kanzu yake ya Idi, amepiga magoti. Wenzake wakamcheka: mwanamume anachakura taka kwa ajili ya mchumba!

Akawajibu, "Makapi haya ni yenu. Ninyi mmeutupia mzimu taka, halafu aliyeufagilia ndiye mnamlaumu?"

Mmoja akashuka shimoni, kisha mwingine. Chungu kikapatikana, na ufa wake uleule.

Shangazi akakirudisha chini ya mkuyu. Akapatazama pale, palivyo safi. Akasema, "Haya. Lakini siku nyingine uliza kwanza, mwanangu."

Mwanangu! Bi Chausiku alipotusimulia kisa hiki, akifika hapo alicheka mpaka machozi. Tangu Idi ile, mtoni Kwedizinga watu hula, huokota, ndipo ngoma hupigwa.

Mwanawe wa kwanza, Mzee Salimu, ameniambia: "Kanzu ile ya baba ilibaki na doa la udongo magotini. Mama alikataa katakata kulifua."

Mzee Salimu, wewe na ndugu zako, poleni sana. Mama yenu tulimpenda. Nasi tuliobaki tujiulize: tukishashiba na kucheza, tunamwachia nani aokote?

Juzi makaburini, kaburi lilipokwisha kumwagiwa maji, chungu cha maji kiliachwa juu ya udongo, kama ilivyo desturi. Watu wakaanza kuondoka. Mjukuu wake mmoja alibaki nyuma na kikapu, akiokota. Akakifikia kile chungu, akanyoosha mkono, akasita.

"Baba mkubwa, na hiki niokote?"

Mzee Salimu akatikisa kichwa. "Kiache, mwanangu. Hicho ni chake."