Mama Alama na Daraja Ambalo Hakulivuka

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni viti, punguzeni kelele za sufuria. Leo tunamkumbuka mama aliyetutoka wiki mbili zilizopita, akiwa na miaka sitini na minne. Ofisini walimwita Mama Alama. Kwa miaka ishirini alipima maombi ya ruzuku ya vikundi vya wananchi pale halmashauri. Kila ombi lilipewa alama kati ya mia moja. Ukifika sitini, umepita. Chini ya hapo, jaribu mwakani.

Hakuwa mtu wa kubembelezwa. Diwani mmoja alimletea soda. Akaipokea, akainywa yote, kisha akalikataa ombi la diwani. "Soda ilikuwa tamu," alimwambia, "lakini mradi wako hauna kichwa wala miguu."

Alikuwa na utaratibu wake. Kila ombi lilitakiwa kuwa na muhtasari wa mkutano, wenye sahihi za wananchi waliokubali mradi. Yeye alizichomoa kurasa hizo kwenye majalada yote, akazikagua kwa mkupuo mmoja, ili asilainishwe na maelezo ya watu. Halafu alizirudisha, kila moja kwenye jalada lake.

Mwaka mmoja, ukurasa mmoja haukurudi.

Lilikuwa ombi la akina mama waliotaka daraja la miguu juu ya korongo. Walikuwa wakivuka kwenye gogo. Katibu wao aliliandika kwa mkono, herufi za duara, zimejipanga kama punje za mahindi. Siku ya kutoa alama, Mama Alama hakuuona muhtasari. Akaweka sifuri mahali pa alama kumi na tano. Jumla ikawa hamsini na mbili. Ombi likaanguka.

Wiki tatu baadaye aliukuta ukurasa ule ndani ya kitabu chake cha mwongozo. Sahihi arobaini na moja. Majina ya waliopita yalikuwa yameshabandikwa ubaoni. Angeweza kwenda kwa mwenyekiti wa kamati ya ruzuku. Hakwenda. "Watapata mwakani," alijiambia. Tusizungushe maneno, wasikilizaji wapendwa. Aliogopa aibu.

Mvua zikaanza. Asubuhi moja, akienda kazini, katibu yule aliteleza kwenye gogo. Maji yakamchukua.

Tangu siku hiyo Mama Alama hakuwa peke yake ofisini. Kila jalada alilofungua aliuona mwandiko ule, hata kwenye yaliyopigwa chapa. Alihesabu kurasa mara tatu, mara nne. Wenzake wakamtania: "Mama Alama, karatasi hazizai!" Alicheka nao. Kisha akahesabu tena.

Mwaka uliofuata akina mama waliomba upya, wakapita. Daraja likajengwa. Binti wa Mama Alama anakumbuka walivyokuwa wakienda kliniki.

"Nilimwambia, mama, tupite darajani, ni karibu. Akasema, pita wewe mwanangu, mimi nitazunguka. Magoti yalikuwa yanamuuma, lakini alizunguka. Nikadhani anaogopa kuangalia chini tu."

Alipozidiwa, alimweleza binti yote. Akamkabidhi ukurasa. "Mpelekee mume wa katibu. Mimi nimeshindwa miaka kumi na moja."

Binti aliupeleka juzi, baada ya mazishi. Aliomba tumsindikize. Mume yule ni fundi viatu. Alifuta mikono kwenye aproni, akausoma polepole, jina kwa jina. Kisha akasema:

"Majibu yalipotoka nilimgombeza mke wangu. Nikamwambia, mmeandika ovyo, mmetuaibisha mtaa mzima. Akaniapia kwamba muhtasari aliuweka. Sikumwamini. Amekufa sijamwamini."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole binti wa Mama Alama na jamaa zake wote. Tunampa pole pia fundi viatu, maana msiba wake umeanza upya wiki hii. Wote wawili wameturuhusu kuyasema haya. Na wewe unayetusikiliza, kama kuna kosa lako ambalo mwingine analibeba, mwendee leo, angali hai.

Tulipoaga, fundi alitushika mkono mlangoni. Hakuomba fidia, wala hakumlaani marehemu. "Semeni redioni," alisema, "kwamba mke wangu aliuweka."

Aliuweka, wasikilizaji wapendwa. Muhtasari ulikuwemo.