Kina cha Bibi

Basi lilipotoka Nausori, Sereima alijifanya anasinzia juu ya kapu lake la magimbi, masikio kayatega kiti cha mbele. Kijana mmoja, Apisai, alikuwa akimlalamikia mama aliyeketi kando yake, ambaye hakumjua kabla. "Leo namwimbia bibi aliyenilea. Nina *vula*, mwezi, na *bula*, uzima. Kina cha tatu, chenye u na a kama hivyo, sina!"

Mama akamuuliza kwao. Apisai alipotaja kijiji, mama akaangua kicheko. "Kumbe mtani! Ndiyo maana kichwa kitupu. Haya, chukua *kuta*."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Nyasi za bwawani. Sisi wa Bua tunasukia mikeka laini. Nyinyi lalieni makuti kama kuku."

Apisai hakucheka. "Bibi katoka Bua. Nimeulalia mkeka huo utoto wangu wote, nyasi zake sizijui jina. Ahsante, mama. Ahsante sana."

"Mtani hashukuriwi kwa mdomo," mama akasema. Basi liliposimama Suva, akaunyakua mwavuli wa Apisai, akashuka nao.

Sereima usingizi ukamwisha. "We kijana, mwavuli wako huo! Na mvua yote hii!"

"Mwache aende nao, mama," Apisai akajibu, akijifuta macho. "Mimi kanirudishia mkeka wangu."