Bonde la Mianzi ni la Alfredi

Sogeeni, wanangu, Gervas na wewe Oliva, mnisikilize bila kunikatiza, maana pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kusema jambo mara mbili.

Mianzi ya bondeni tuliipanda mimi na mdogo wangu Alfredi, na miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mfanyabiashara mmoja alipokuja hapa Kitangari kutafuta mianzi ya kujengea vyumba vya watalii kule pwani, tulikubaliana tutakata iliyokomaa tu, tuiloweke mtoni hadi utamu uitoke na wadudu wasiifuate, kisha tuikaushe kivulini, na mashina tuyaache yachipue upya. Mwaka wa pili nilikwenda Masasi kumuuguza mama yenu, na huku nyuma Alfredi, kwa kuharakishwa na yule tajiri, akakata hata michanga na kuipeleka mbichi. Wadudu waliitafuna, paa likaanguka, likamvunja mgongo fundi Nurdin wa Chiwata, akafa siku ya tatu. Ndugu zake walinijia mimi, kwa kuwa jina walilolijua lilikuwa langu, wakanipiga marungu uani hadi meno yakanitoka.

Nilishuka bondeni damu ikinitiririka. Nyinyi mmekua mkiambiwa Alfredi alinirukia na panga nikajitetea. Ndivyo nilivyoapa mahakamani. Nilisema uongo. Alikuwa amechuchumaa akifunga mzigo, mikono mitupu, akaniambia, "Kaka, nimekosa. Nipige, lakini unisikilize kwanza."

Sikumsikiliza. Nilimkata mkono wa kulia chini ya kiwiko, na alipojikinga kwa wa kushoto nikamkata vidole viwili, naye hakupiga kelele, aliniita kaka tu, na kaka, mpaka watu wakanikamata. Mahakama ikaniamini mimi, akafungwa yeye miaka minne, mimi nikarudi nyumbani kula ugali.

Usinyanyuke, Gervas. Juzi ulimvunja taya Flora, binti wa Alfredi, kwa mpini wa shoka, kisa mianzi miwili aliyokata bondeni, na mimi nilikaa barazani nikikutazama. Kipigo kile ni changu.

Sasa shikeni hili. Mikorosho ni yenu, gawaneni sawa. Bonde lote la mianzi ni la Alfredi na Flora, hakuna nusu. Nikifa, kabla hamjanizika, mwende Chilangala anakoishi Alfredi, kwa miguu, mkamwambie ukweli huu mbele ya majirani zake, na wewe, Gervas, umpigie Flora magoti. Kama Alfredi hatataka kuja kunizika, msimlaumu, wala msimwombe.

Oliva, maji... Yatosha.

Mungu awalinde, awape watoto, awaondolee hasira hii niliyowarithisha. Njooni niwawekee mkono kichwani. Huyu ni Oliva, namjua kwa nywele zake. Na wewe, Gervas... mbona sikupati? Nainua mkono, unaniona? Sogea, baba. Siwezi... siwezi kuuinua tena. Gervas.