Gego Langu Kwenye Mashine ya Alphonce

Wazee wetu, padri, majirani na ninyi mliotoka mbali, aliyepaswa kusoma ni shemeji Nickolaus, ameshindwa, sauti haitoki, kwa hiyo nasoma mimi mke wa marehemu, na mtanisamehe nikikimbiza maneno.

Alphonce Dionisi Lukelo alizaliwa hapa kijijini kwetu Mbingu tarehe 14 Mei 1991, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Dionisi na mama Bernadetha, akasoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari akasoma Ifakara hadi mwaka 2009, kisha akaenda Mbeya kusomea ufundi wa maabara, akahitimu Novemba 2013.

Machi 2017 aliajiriwa Ifakara, kwenye maabara ya kupima dawa za kuziba meno, na wengi mlimwita daktari, lakini hakuwahi kung'oa jino la mtu, kazi yake ilikuwa ni mashine, inabana jino halisi juu ya kipande cha dawa, maji yanapita, linapanda linashuka kama mtu anayekula, mchana na usiku, halafu anapima dawa imelika kiasi gani. Alisema watu wa bonde tunatafuna wali wenye vijiwe na kumenya miwa kwa meno, basi dawa ipimwe kwa ulaji wetu. Meno aliyaomba zahanati, kwa wenyewe, wakamwita Magego, wakamwambia achukue tu, yamewatesa vya kutosha.

Agosti 2019 nilikuwa Mkula kwetu, nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, nikang'olewa gego, shavu limevimba, akaja kijana ananiamkia vizuri na kuniomba jino, nikampa, akarudi wiki iliyofuata kuniambia linafanya kazi nzuri, akazoea kurudi. Tulifunga ndoa tarehe 15 Oktoba 2022, na siku ile alisimama akasema, "Huyu gego lake lilitafuna mezani kwangu kabla sijapeleka posa," mkacheka wote, hata Baba mkubwa Nazari alicheka.

Tulijaliwa mtoto mmoja, Noela, aliyezaliwa tarehe 9 Februari 2025.

Mwezi Mei alianza kuvimba miguu, wakasema ni figo, akapelekwa Dar es Salaam kusafishwa damu, akarudi, akazidiwa, akafariki Ifakara alfajiri ya tarehe 21 Septemba 2025, mkono wake nimeushika mimi.

Sasa Baba mkubwa, shikamoo, nasema kwa heshima, juzi kwenye kikao cha ukoo ulisema gego langu kwenye ile mashine ndilo lililokuwa linamla mwanao figo. Nikamleta dada Febronia, aliyefanya naye kazi, akawaeleza taratibu kwamba jino lile lilikwisha makali, likatolewa mwaka 2020 na kuteketezwa na taka za maabara, miaka mitano kabla hajaugua, nikadhani yameisha. Ukasema, "Kwa hiyo mlilichoma." Tangu hapo chakula nilichopika hakiguswi, na kila neno ninalolileta linageuka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliochota maji na kuleta kuni, wafanyakazi wenzake waliokuja na jeneza kutoka Ifakara kwenye matope yale, na padri wetu.

Mama mkwe, Baba mkubwa, sibishani mbele ya marehemu, kama ni wa kufukuzwa nitaondoka, nitarudi Mkula, lakini Noela ana miezi saba, uji anautema, tangu jana jioni shangazi Wilhelmina amejifungia naye chumba cha ndani, na hapa niliposimama namsikia, maziwa yamelowesha nguo mnaona wenyewe, naomba nipewe nimnyonyeshe kabla hatujaenda makaburini, hilo tu, mengine mtaamua.

Baba Noela, lala, maumivu yamekuachia. Kuogopa niachie mimi.