Marehemu Kaingu Mramba wa Dabaso na Kanda ya Harusi ya Kakuyuni

Ndugu, jamaa na marafiki, historia hii imeandikwa na Kabibi, binti ya marehemu, na kwa kuwa sauti yake haitoshi leo, anaisoma baba yake mdogo, Masha Mramba.

Marehemu Kaingu alizaliwa Dabaso tarehe 4 Machi 1938, akasoma shule ya msingi kuanzia 1947 hadi 1953, na mwaka 1962 akaajiriwa katika studio moja ya picha mjini Malindi. Tarehe 16 Agosti 1963 alimwoa Kahonzi Baya, wakajaliwa watoto wanne, kitinda mimba akiwa Kabibi.

Video ilipofika mwaka 1981, marehemu ndiye aliyejitwika, kamera begani, mashine ya kurekodi ikining'inia ubavuni, waya katikati, hata akina mama wakamtania harusini kwamba yeye ndiye aliyebeba mahari. Mwaka 1986 ikaja kamera inayomeza kanda yenyewe, akafurahi mno, akamfundisha na Kabibi kuitumia.

Tarehe 11 Aprili 1987 alirekodi harusi ya Bwana Randu na Bi Zipporah kule Kakuyuni. Kesho yake, marehemu akiwa kanisani, Kabibi alitaka kumrekodi mwanawe akisimama dede, akachukua kanda iliyokuwa mezani, na kamera ilipokataa kurekodi akaona kijipande cha plastiki kimevunjika mgongoni mwa kanda, akaziba tundu kwa selotepu. Hakujua kwamba baba yake alikivunja makusudi, ili harusi isifutike. Ikafutika, pamoja na mama mzazi wa Bi Zipporah akicheza, mama aliyefariki mwezi ule ule.

Marehemu alisema aliyekosea ni yeye, akafukuzwa kazi, akamkataza Kabibi kufungua mdomo, kwa kuwa ndoa yake ilikuwa changa na mumewe ni ndugu wa Bwana Randu. Watu wa Kakuyuni wakamwita marehemu mlevi, mtu ambaye hakuwahi kuonja pombe ya mnazi, na Kabibi akasikia, akainama, akanyamaza miaka miwili.

Marehemu aliugua kifua Januari 1989, akalazwa Malindi. Kabibi alipomwomba ruhusa ya kusema, aliuliza tu kama mtoto amekula. Alifariki siku tatu baadaye, tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuchotea maji na kutupikia, na wapiga picha wenzake wa Malindi. Bwana Randu na Bi Zipporah, mmekuja kumzika mtu mliyeamini amewakosea, lakini aliyewakosea ni Kabibi, na amesimama hapa mbele yenu.

Baba, pumzika kwa amani, kosa halikuwa lako.